Mlio Nisiousikia

Mke wangu aliniambia kompyuta yangu inalia wakati nakunywa chai, na mimi nikamjibu kwamba kompyuta hailii.

"Inalia," akasema. "Kama mbu aliyeingia kwenye chupa."

Nikaweka kikombe chini, nikainama mpaka sikio likakaribia kugusa vibonye. Sikusikia kitu, ila ile feni ndogo ya ndani ikivuma taratibu kama kawaida yake. Nikamwambia anachosikia ni feni. Akasema feni anaijua, feni inavuma; hiki anachosikia yeye ni chembamba kama sindano na kinamwingia hapa. Akagusa nyuma ya sikio.

Tunaishi Kahama, kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo tukiwa bado na nguvu, mimi mwalimu wa fizikia wa sekondari, yeye fundi cherehani. Nilipostaafu nikaanza kuandika vitabu vya watoto, kazi niliyokuwa naitamani miaka yote niliyokuwa nasahihisha madaftari ya watoto wa wenzangu. Kwa ajili hiyo nikanunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, nzuri tu, kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale mjini. Meza yangu iko sebuleni karibu na dirisha. Cherehani yake iko barazani, upande wa pili wa dirisha hilohilo. Basi asubuhi tunafanya kazi pamoja bila kuonana. Yeye anakanyaga sare za shule, mimi nabonyeza herufi zangu, na katikati yetu kuna pazia tu.

Siku ile nilidhani habari ya mlio imeishia kwenye chai. Haikuishia hapo. Kesho yake alipoacha kukanyaga ili atie uzi, nikamsikia akisema peke yake, "Huyu naye ameshaanza." Keshokutwa akasogeza cherehani hadi mwisho wa baraza, karibu na pipa la maji, mahali ambapo jua linapiga na hakuna mtu mwenye akili anayekaa kushona. Nikatoka kumuuliza kulikoni.

"Mbu wako," akasema.

Mimi nimefundisha mawimbi ya sauti kwa miaka mingi. Nimefunga waya kwenye misumari na kuupiga kwa kidole mbele ya darasa ili vijana waone kwamba kitu kikitetemeka ndipo sauti inatoka. Kwa hiyo nikafikiri kama mwalimu: mimi nimeweka sikio pale pale kwenye mashine, sikusikia, yeye yuko nje ya ukuta, anasikia. Ina maana sauti haiko kwenye mashine. Nikaanza kumwonea huruma. Nikatafuta namna ya kuuliza kwa upole.

"Mama, presha umepima lini?"

Aliniangalia, akachukua mkasi, akaendelea kukata kitambaa. Sikuuliza tena.

Lakini mtu aliyekaa na mke vizuri anajua kwamba cherehani kukaa juani si jambo la kuacha hivihivi. Jumatatu nikaizima kompyuta, nikatoa betri, nikafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ya saa. Ndani kulikuwa na shamba. Vumbi jekundu la Kahama lilikuwa limechanganyika na manyoya ya vitambaa vyake, limejikunja kwenye mapanga ya feni kama kiota. Nikalitoa kwa brashi ndogo ya rangi, nikapuliza pembeni, nikafuta, nikafunga. Nilipoiwasha, feni haikusikika kabisa. Nikamwita kwa furaha ya mtu aliyeshinda.

Akaja, akasimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akasikiliza.

"Feni imetulia kabisa," akasema. "Asante. Na yule mbu sasa ndiyo namsikia vizuri."

Nikaamua kuirudisha dukani nilikoinunua.

Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Kahama, na baba yake pia alizaliwa hapahapa. Kisukuma anakijua kuliko mimi, kwa sababu mimi ni Mzinza wa upande wa Geita, Kisukuma nimekipata kwa kuoa. Nilipoingia nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanigeuzia salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mwalimu!" ili anisikie nikijikwaa kumjibu. Nilijikwaa, akacheka, tukafika kwenye shida yangu.

Nilipomweleza, alilichukua jambo kwa uzito. Akazima feni ya dari. Akazima redio. Akawaomba wateja wavumilie kidogo. Kisha mimi na yeye tukainama pande mbili za kompyuta, vichwa vikikaribia kugongana, kama watu wanaosikiliza kwenye mlango wa jirani.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Sisikii."

"Hata mimi sisikii." Akajinyoosha. "Mashine nzima hii. Mwambie mama yetu mashine ni nzima."

Nikashukuru, tukapeana mikono. Ndipo mke wa mwanawe, aliyekuwa amekaa upande wa kupokea malipo, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mbona inalia?"

"Inalia wapi?"

"Hiyo hapo. Inalia tangu mwalimu alipoiwasha."

Mama mmoja aliyekuja kununua balbu akadakia, "Hata mimi nilikuwa nashangaa ni kitu gani. Inakera!" Kijana wa bodaboda aliyesimama mlangoni akasema na yeye anaisikia. Mimi na mzee tukatazamana. Duka zima lilikuwa linasikia isipokuwa sisi wawili. Mzee akanyoosha mkono, akawasha feni yake ya dari na redio, akasema ana wateja wengine wa kuhudumia.

Mkwewe ndiye aliyenisaidia. Akaijaribu kompyuta kwa chaja nyingine ya dukani, akasema mlio ni uleule, kwa hiyo chaja yangu haina kosa. Akanieleza kwamba ndani kuna koili ndogo ndogo za waya, na umeme ukipita kwa kurukaruka zinatetemeka. Nikamwambia hapo amefika nyumbani, maana hilo nimelifundisha. Akatabasamu.

"Si hatari, mwalimu, haitaungua. Ila dawa yake inategemea inalia wakati gani. Uifuatilie. Ukifanya nini inalia, ukifanya nini inanyamaza." Kisha akasita, akanitazama kama mtu anayechagua maneno. "Lakini itabidi upate mtu wa kukusikilizia."

Njiani kurudi, kompyuta ikiwa kwenye begi kifuani, nilikuwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa kumwomba radhi mke wangu kwa lile swali la presha. La pili lilikuwa zito zaidi, na nililiweka kando kwanza.

Radhi nilimwomba nikiwa bado mlangoni. Nilimsimulia yote, mzee wa dukani, feni, redio, mama wa balbu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Wazee wawili!" alisema. "Mmeinama!" Kila akitaka kunyamaza anaona tena vile vichwa viwili, anaanza upya.

Jumamosi akaacha sare za watu, akaja kukaa nami mezani. Nilimwambia nataka tufanye kwa utaratibu, na kwa sababu mimi ni mbishi, nitatundika kanga katikati yetu ili asione mikono yangu inafanya nini. Akasema nitundike hata blanketi. Tukafunga kanga kati ya kitasa cha dirisha na kabati la vyombo, yeye akakaa upande ule, mimi upande huu na kompyuta.

"Sasa?"

"Inalia."

Nikachomoa chaja kimyakimya.

"Imepungua kidogo. Haijaisha."

Nikairudisha. "Imeongezeka," akasema hapohapo. Nikazima spika. Akasema ileile. Nikapunguza mwanga wa kioo hadi kikawa giza, nikauongeza mpaka mwisho, ileile, ileile. Nikaizima kompyuta yote, na kabla sijatoa kidole kwenye kitufe akashusha pumzi, "Aaah. Sasa imenyamaza." Nikaiwasha tena, nikajaribu kumtega. Nilijifanya nachomoa chaja bila kuichomoa, nikaisogeza tu ipige kelele mezani. Akasema, "Hujafanya kitu. Unanijaribu."

Kufikia hapo sikuwa na ubishi tena. Nikaifungua kanga.

Tukatafuta inakotokea. Nilikuwa na kipande cha mpira wa maji kilichobaki kwenye bustani, nikakikata urefu wa mkono, nikakiosha. Akaweka ncha moja sikioni na nyingine akaitembeza juu ya vibonye kama daktari anayepima kifua cha mtoto. Alifumba macho. Akapita katikati, akapita kulia, akarudi kushoto. Kwenye kona ya juu kushoto, karibu na tundu la chaja, akakunja uso akautoa mpira sikioni kwa haraka.

"Yuko hapa. Amekaa hapa hapa."

Nikamweleza kwamba ndipo umeme unapoingilia, na kwamba kompyuta hii haina diski ya kuzunguka kama zile za zamani, kwa hiyo hatuna haja ya kuiwazia diski. Akasema hakuuliza habari za diski.

Halafu nikafungua video ya harusi ya binti yetu wa mwisho, sina sababu, ilikuwa tu kitu cha karibu. Sauti nilikuwa nimeizima, picha zikawa zinapita kimya.

"Imenyamaza!" mke wangu akasema.

"Nimeweka harusi."

"Basi iache harusi."

Nikaisimamisha. Baada ya muda mfupi akainua kidole: imeanza. Nikaiendesha: imenyamaza. Nikaisimamisha video pembeni ya kioo, nikafungua hadithi niliyokuwa naandika, nikabonyeza maneno yoyote yaliyonijia. Kila nilipobonyeza alitikisa kichwa kwamba hakuna mlio, na kila nilipoinua mikono aliitikia kwamba upo. Nilisisimka kama siku nilipopata jibu la mtihani wangu wa kwanza. Nikamwambia tumempata: mashine ikiwa na kazi inakaa kimya, ikikosa kazi inalia.

"Hilo mbona nilikuwa nalijua," akasema.

"Lipi?"

"Kwamba ukiandika inanyamaza, ukiacha inalia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo." Akaanza kuukunja ule mpira mkononi, hanitazami. "Ndiyo maana nilikuwa najua siku ambazo huandiki."

Nikaondoa mikono kwenye vibonye. Yeye akaendelea, pole pole, kama mtu anayetoa miiba.

"Kama juzi Alhamisi. Asubuhi yote hukuandika. Ilikuwa inalia tu, mpaka nikasema huyu baba leo amekwama."

"Na mchana nilikwambia nini?"

"Uliniambia sura inakwenda vizuri sana. Nikakuongezea mchuzi."

Nilitaka kukasirika kidogo, nikakosa pa kuanzia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aniambie nini, mtu amekaa mbele ya kioo saa zote anahangaika na kichwa chake, halafu mke atoke barazani amwambie najua huandiki? "Na siku inaponyamaza muda mrefu," akaongeza, "nilikuwa nachelewesha ugali. Nasema nikimwita sasa hivi nitamkatiza."

Nilikumbuka siku hizo. Nilikuwa nainuka mezani nikiwa na njaa, nikishangaa mbona leo chakula kimechelewa, na moyoni nikilalamika. Kurasa nzuri kuliko zote nilizoandika mwaka ule ziliandikwa kwenye saa zile. Nilimshika mkono na mpira wake wa maji, tukakaa hivyo, video ya harusi imeganda mahali binti yetu ameziba mdomo kwa kucheka.

Dawa yenyewe haikuwa ngumu tulipokwisha kumjua mgonjwa. Nilisoma kwenye mtandao maelezo ya watu wenye shida kama yangu, wengine wakali, wengine wamekata tamaa, na nikaelewa. Kumbe mashine hizi zimefundishwa kubana umeme. Zikikosa kazi, ubongo wake unalala na kuamka, unalala na kuamka, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuiwazia, na kila ukiamka umeme unaruka kwenye zile koili. Kuruka huko ndiko kulikokuwa kunalia. Ukiipa kazi inakaa macho, umeme unapita kwa utulivu, koili zinanyamaza. Kilichotakiwa ni kuingia kwenye mipangilio ya umeme na kuizuia isilale usingizi mzito.

Nilipandisha kiwango cha kuiweka macho kidogo kidogo, nikimuuliza kila hatua. Bado. Bado. Imekuwa kwa mbali. Nikapandisha tena.

Safari hii alisikiliza muda mrefu. Akaegemea kiti. Mabega yake yalishuka, nikaona jinsi alivyokuwa ameyainua kwa wiki zote zile bila mimi kutambua.

"Ameondoka," akasema.

Kompyuta sasa inapata joto kidogo zaidi, na betri inakwisha mapema kuliko zamani, hasa umeme ukikatika. Nimelikubali hilo. Jumatatu cherehani ilirudi kivulini chini ya dirisha. Mke wangu alikanyaga asubuhi nzima, na mchana aliponiletea chakula akasimama kidogo na sinia mkononi.

"Sasa sijui kama umeandika au hukuandika."

"Utauliza," nikasema.

"Na utasema kweli?"

Nikamwambia leo nimeandika nusu ukurasa, na nusu hiyo ni mbaya. Akaniongezea mchuzi.

Lile wazo la pili nililoliweka kando njiani bado lilikuwepo. Mashine ilikuwa imepona, lakini mimi sikuwahi kuusikia ule ugonjwa. Siku moja asubuhi nikapakua kwenye simu programu ndogo inayotoa sauti moja unayoichagua, nzito au nyembamba, unapandisha kwa kidole. Nikamwita. Tukaweka simu mezani, nikaanza na sauti nene kama ya ng'ombe, sote tunasikia. Nikapandisha. Ikawa filimbi, sote tunasikia. Nikapandisha tena, ikawa nyembamba, kisha ikakatika.

"Imezimika," nikasema.

"Haijazimika," akasema mke wangu. "Ipo."

Nikaendelea kupandisha. Yeye aliendelea kuitikia kwa kichwa, ipo, ipo, na kidole changu kilisogea mbali sana kwenye kioo kabla naye hajasema imekwisha. Nilitazama umbali ule kati ya mahali nilipoishia mimi na mahali alipoishia yeye. Si kwamba niliogopa. Ilikuwa kama kwenda shambani ukakuta mpaka umehamishwa, na hujui ni lini.

Akaniambia twende hospitali, tukaenda.

Aliyenipima alikuwa dada mtaratibu aliyenifungia kwenye chumba kidogo chenye kuta laini, akanivalisha vitu vya masikioni, akaniambia niinue mkono kila nikisikia. Niliinua mara nyingi, kisha nikakaa muda mrefu mkono ukiwa gotini. Alipofungua mlango akaniuliza kama niliwahi kufanya kazi kwenye kelele.

Nikamwambia nimefundisha. Akacheka, akasema kelele zaidi ya hiyo.

Ndipo nikakumbuka karasha. Kabla sijaenda chuo cha ualimu nilifanya kazi upande wa Runzewe, kwenye karasha, yaani yale mapipa ya chuma yanayozungushwa na injini ya dizeli, ndani yake kuna vyuma vya mviringo vinavyosaga mawe ya dhahabu yakawa unga. Yalikuwa yamepangwa chini ya paa moja la mabati, yanazunguka mchana kutwa. Tulizungumza kwa mikono. Jioni tukitoka masikio yanaimba, tunafikiri ndiyo uchovu, asubuhi yakitulia tunarudi. Niliifanya kazi ile kwa furaha, niseme kweli. Nilikuwa kijana, nina marafiki wengi, na ndiyo iliyonipeleka chuoni. Haikunijia hata siku moja kwamba ilichukua kitu.

Dada yule akanieleza kwamba sauti nyembamba za juu kabisa zimekwenda na hazitarudi, za kati ziko vizuri kwa umri wangu, na mazungumzo nayasikia ila yale maneno yenye herufi nyembamba nyembamba, kama s na f, yananipotea mtu akisema akiwa amegeuka au yuko chumba kingine. Akasema kwa sasa sihitaji kifaa, nijiepushe na kelele kubwa, nirudi kupimwa tena mwakani, na nyumbani waseme nami wakiwa wananitazama.

Mke wangu alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani. Tulipotoka nje kwenye jua alisimama kwenye ngazi.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakuita kutoka jikoni."

"Ulikuwa unaniita?"

"Kila siku! Nakuita, kimya. Nakuita, kimya. Nikawa nasema, huyu mwanamume tangu astaafu ananidharau." Alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa na maji. "Kumbe hukuwa unanipuuza."

Nikamwambia mimi nilikuwa nashangaa mbona siku hizi haniiti, anakuja tu mlangoni amekunja uso. Tulisimama pale kwenye ngazi tunacheka mpaka mlinzi akatuuliza kama tumepata majibu mazuri. Mke wangu akamjibu kwamba tumepata mazuri sana.

Mwezi uliofuata tulikwenda Ushetu kumsalimia mama mkwe wangu. Ilikuwa majira ya tumbaku, mabani ya kukaushia majani yanatoa moshi, na harufu yake tamu nzito ilikuwa imeshika hadi kwenye shuka. Jioni, jua likiwa bado halijazama, tulitembea mimi na mke wangu kwenye njia ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Nilikuwa namsimulia hadithi niliyokuwa ninaimalizia, ya watoto wanaotafuta nyenje, wale wadudu wanaolia jioni, kwa sababu nyenje wa kijiji chao wamekwisha. Nilikuwa nimeiandika kwa uchungu wa kweli. Miaka mingi nilikuwa nimeona, kila tukija Ushetu, kwamba nyenje wa zamani hawapo tena, na nilikuwa nalaumu dawa za mashambani.

Akasimama katikati ya njia.

"Baba, nilidhani hiyo umetunga."

"Nini?"

"Kwamba nyenje wamekwisha. Mbona wanalia hivi? Wamejaa! Huku kote." Akazungusha mkono, kwenye majani, kwenye miti ya pembeni, hadi kule mabani. Kisha akagundua alichokisema, akaushusha mkono pole pole.

Nilisikiliza. Nilisikia kengele ya ng'ombe, mtu anapasua kuni, na mama mkwe akimkaripia mbuzi kwa Kisukuma. Zaidi ya hapo palikuwa kimya kizuri cha jioni, ambacho kumbe kilikuwa changu peke yangu.

"Wanaliaje?" nikamuuliza.

Alijaribu kwa mdomo, akashindwa, akacheka. Halafu akashika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akaanza kunigongagonga kwa ncha ya kucha, haraka haraka, anaacha, haraka haraka tena, kisha wengi pamoja kwa vidole vyote, wakipokezana. "Hawa wa karibu," akasema. "Sasa na wale wa mabani wamejibu."

Nilisimama pale nimenyoosha mkono mpaka mama mkwe akatuita tukale. Safari hii nilimsikia, maana alituita kwa nguvu na jina la ukoo mzima.

Hadithi niliibadilisha tuliporudi Kahama. Watoto bado wanatoka kwenda kuwatafuta nyenje, lakini wanaongozana na babu yao, na nyenje wapo tangu ukurasa wa kwanza. Sehemu za sauti sikuziandika mimi. Nilimwita mke wangu kutoka barazani, akaja na futi yake shingoni, akakaa kwenye mkono wa kiti, akawa anasema na mimi nabonyeza, na nilipokosea neno alinisahihisha akiwa ananitazama usoni.